Wasifu wa bibi mhamiaji usiishie kwenye "alikuwa mcha Mungu"

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za taazia hutoa mara kwa mara wasifu wa akina mama wazee waliohamia ugenini wakiwa mabinti, wakaolewa, wakalea watoto na wajukuu, wakafariki na miaka 90 na kitu. Ukisoma mmoja umeisoma yote. Alizaliwa kijiji fulani, alihama na mumewe, alijaliwa watoto kadhaa, alikuwa mcha Mungu na mkarimu, ameacha wajukuu wengi. Jina la mumewe linatajwa mara nne, lake mara moja, na tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari. Sisi kazi yetu ni kusaidia familia kukusanya na kuandika maisha ya wazee wao. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini wasifu wa namna hiyo hutoka mtupu, na unavyoweza kujazwa.

Mwanamke wa aina hii aliandikwa na dini yake kuliko alivyoandikwa na serikali yoyote. Serikali alizopitia zilimjua kama mke wa fulani. Marekani, kwa mfano, hadi Sheria ya Cable ya Septemba 1922, mwanamke wa kigeni aliyeolewa alipata uraia kupitia kwa mumewe. Anayetafuta faili lake la tajnisi (kupewa uraia) la kabla ya hapo kwa kawaida hukuta la mume tu, na pengine jina la mke halimo kabisa. Hakuwa na hati ya nyumba wala leseni ya biashara. Lakini nyumba ya ibada ilimwandika kwa jina lake, jina la baba yake na la mama yake, na mashahidi waliosimama naye; naye alihesabu miaka yake kwa sikukuu na mifungo. Mwandishi anayesema "mcha Mungu" kisha akaweka nukta amefunga kabati la nyaraka na kutupa ufunguo.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo makosa hujazana. Watu wasioujua mwaka wao wa kuzaliwa hutaja umri unaoishia na sufuri au tano. Wataalamu wa sensa wameliona hilo nchi nyingi na wana kipimo chake, kiitwacho faharisi ya Whipple. Bibi akisema ana miaka 90, huenda ana 87 au 93. Njia rahisi ya kupima ni uzazi. Chukueni hati za kuzaliwa za mtoto wake wa kwanza na za kitinda mimba, zile mlizo na hakika nazo, kisha mtoe hesabu. Ni nadra sana mwanamke kushika mimba kwa njia ya kawaida akishapita miaka 50, na baada ya 45 ni wachache. Kwa hiyo anayesemwa amefariki na miaka 105 ilhali kitinda mimba wake ana miaka 50, umri wake umevutwa, na pengine si kwa mwaka mmoja au miwili. Upande wa pili, hati zikionyesha alizaa akiwa na miaka 11, basi kuna mtu aliyempunguzia miaka njiani: ili alipiwe nauli ya mtoto, ili apokelewe shule, au ili aandikwe pamoja na wadogo zake kwenye hati moja ya kusafiria. Kuongeza nako kuna sababu zake: sheria ya umri wa kuolewa, ajira, na baadaye pensheni.

Tarehe 1 Januari kwenye karatasi za mhamiaji, hasa mkimbizi, mara nyingi ina maana kwamba ofisa aliujua mwaka tu, au aliukisia. Mkiwaona ndugu watatu wote wamezaliwa 1 Januari, jibu mnalo. Andikeni "mwaka 1934 hivi" badala ya kuipa tarehe hiyo hadhi isiyostahili. Halafu kuna mtego unaowanasa hata waandishi makini: pasipoti, kitambulisho, kitabu cha pensheni na cheti cha kifo vyote vinasema 1934, basi familia inahesabu mashahidi wanne. Hapo yupo shahidi mmoja tu. Kila karatasi ilinakiliwa kutoka kwa iliyotangulia, na ya kwanza kabisa iliandikwa kwa kusikia. Hati hupimwa kwa ukaribu wake na tukio. Ingizo la ubatizo lililoandikwa wiki ile mtoto alipozaliwa linaizidi pasipoti aliyopewa akiwa na miaka 40. Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa 21 Februari 1875 na kufariki 4 Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, alikubaliwa kwa sababu watafiti waliunganisha kumbukumbu za kuzaliwa, ubatizo, ndoa na sensa za mji uleule, na hata hivyo wapo waliokuja kuuhoji umri wake. Bibi aliyevuka mipaka mitatu hana mnyororo wa namna hiyo. Gazeti likiandika miaka 110 kwa maneno ya familia peke yake, limechapisha tetesi.

Tatizo la pili ni kalenda, na hapa dini yake inasaidia au inapotosha, kutegemea anayesoma. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, yaani pungufu ya siku kama 11 kwa mwaka wa kalenda ya kawaida, wa miladia. Anayehesabu miaka 100 kwa Hijria ana miaka 97 kwa miladia. Tuseme bibi anajua alizaliwa Ramadhani ya mwaka 1350. Wengi hutazama jedwali, wakaona 1350 ni 1931, wakaandika 1931. Mwaka huo wa Hijria ulianza Mei 1931, na Ramadhani ni mwezi wa tisa. Iliangukia Januari na mwanzo wa Februari 1932. Badilisheni mwezi na mwaka kwa pamoja, kisha acheni nafasi ya siku moja au mbili, kwa sababu mwandamo hutangazwa tofauti mahali na mahali.

Kwa Waorthodoksi kosa ni la siku 13. Urusi ilitoka 31 Januari 1918 ikaingia moja kwa moja 14 Februari. Ugiriki iliifanya siku iliyofuata 15 Februari 1923 kuwa 1 Machi. Aliyezaliwa kuanzia Machi 1900 hadi mabadiliko hayo anaongezewa siku 13. Ila ulizeni kwanza kama hati mliyonayo imeshabadilishwa. Tumeona tarehe iliyoongezwa mara mbili, na bibi akapata siku ya kuzaliwa iliyo karibu mwezi mzima mbele ya ile ya kweli. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka 7 kuanzia mwaka wao mpya wa Septemba hadi mwisho wa Desemba, na kwa miaka 8 kuanzia Januari. Ina miezi 13, kwa hiyo kuhamisha namba ya mwezi kama ilivyo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Kwa hesabu ya zamani ya Wachina mtoto huzaliwa akiwa na mwaka 1 na huongeza mwingine kila mwaka mpya, hivyo umri wa mdomoni unaweza kuzidi wa hati kwa mwaka 1 au 2. Korea Kusini iliiondoa hesabu ya jinsi hiyo kwenye mambo ya sheria Juni 2023 tu.

Sikukuu zinazohama ni hazina. Bibi akisema mama yake alimwambia amezaliwa Jumanne baada ya Pasaka ya mwaka 1931, hiyo ni tarehe kamili: kwa Mkatoliki 7 Aprili, kwa Mwothodoksi 14 Aprili, maana Pasaka zao mwaka ule zilipishana kwa juma zima. Kwanza jueni alikuwa wa madhehebu gani siku ile, kabla hajaolewa na kufuata ya mume. Na jihadharini na siku ya somo. Katika familia nyingi za Kikristo mtoto alipewa jina la mtakatifu wa siku ile au ya jirani, na sherehe ikafanywa siku ya mtakatifu. Lucia anayesema siku yake ni 13 Desemba huenda anataja sikukuu ya Mtakatifu Lucia, na kuzaliwa kwake kulitangulia kwa siku kadhaa.

Sasa madaftari yenyewe. Kanisa Katoliki liliagiza maparoko kuweka madaftari ya ubatizo na ndoa katika Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu), mwaka 1563, na mwaka 1614 likaongeza ya vifo. Lenye faida kubwa kwa kazi yetu ni agizo la mwanzo wa karne ya 20, lililoanza kutumika 1908, kwamba mtu akifunga ndoa taarifa ipelekwe parokia alikobatizwa na iandikwe pambizoni mwa ingizo lake la ubatizo. Sheria ya Kanisa ya sasa, ya 1983, kanuni ya 535, inaendeleza hilo na kuongeza kipaimara na mengineyo. Kwa hiyo daftari la kijiji alikozaliwa linaweza kuwa na tarehe na mahali pa ndoa aliyoifunga ng'ambo ya bahari miaka 20 baadaye. Familia nyingi huomba cheti cha ubatizo, zikapewa fomu fupi iliyojazwa upya, na maelezo ya pambizoni yakabaki parokiani. Ombeni nakala au picha ya ingizo zima pamoja na pambizo lake. Katika barua tajeni jina lake, majina ya wazazi wote wawili, na mwaka wa kukisia na nafasi ya miaka 3 kila upande. Mjue pia kwamba madaftari mengi yaliandikwa kwa Kilatini: Jadwiga wa Poland amelala humo kama Hedvigis.

Wasimamizi wa ubatizo nao waandikwe. Mara nyingi msimamizi ni shangazi au jirani aliyetangulia kuhama, na ndiye aliyemvuta baadaye. Bibi mwenyewe akionekana kama msimamizi wa watoto 15 wa watu wengine katika parokia ya ugenini, hapo mna kipimo cha imani ambayo waumini wenzake walikuwa nayo kwake. Sentensi moja ya hivyo inashinda "alipendwa na wote".

Kwa Mwislamu, anzeni na hati ya nikahi: ina jina la baba yake, walii, mashahidi na mahari. Mahari yaandikwe kama yalivyo, kwa fedha ya wakati ule, bila kuyageuza kuwa fedha ya leo. Kwa sheria ya Kiislamu mke habadili ukoo wake wala mali yake haiwi ya mume. Ndiyo maana kumbukumbu za mahakama za kadhi za dola ya Uthmaniya zimejaa wanawake wanaouza, kununua na kudai kwa majina yao wenyewe. Jina la mume analobeba bibi kwenye pasipoti ya nchi ya ugenini mara nyingi liliwekwa na fomu iliyodai "jina la familia". Kama alikwenda Hija, kuna pasipoti yenye mhuri na kadi ya chanjo, na hizo zinatoa tarehe kamili kwa mwaka ambao familia inaukumbuka kwa kubahatisha. Kwa Myahudi, tazameni ketuba (hati ya ndoa) na maandishi ya Kiebrania kaburini. Ya pili hutaja jina la baba hata pale maandishi ya lugha ya nchi hayalitaji. Kwa Mhindu ambaye ndugu zake walikwenda Haridwar kutumbukiza majivu ya marehemu, wapo makuhani wenye madaftari ya ukoo yanayopangwa kwa kijiji cha asili na jamii, na kila ziara huongeza majina. Sehemu ya madaftari ya dini mbalimbali imepigwa picha na Wamormoni wa Utah, walioanza kazi ya filamu ndogo mwaka 1938, na mengi yanasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Msikose pia kuomba kumbukumbu za vikao vya kamati za akina mama za msikiti au kanisa. Humo mtajua nani alikuwa mweka hazina kwa miaka 30, na nani aliosha maiti za wanawake. Ila majina humo yanaweza kuwa "Bi Fulani" kwa jina la mume, kwa hiyo msomeni mume kwanza ndipo mmtafute mke.

Halafu vitabu vya nyumbani. Kurasa za mwanzo za Biblia au msahafu, na karatasi zilizochomekwa kwenye kitabu cha sala, huwa na tarehe za kuzaliwa na vifo. Kabla ya kuziamini, fungueni ukurasa wa jina la kitabu mtazame mwaka wa kuchapwa. Kitabu kilichochapwa 1952 hakiwezi kuwa na ingizo la 1931 lililoandikwa 1931; limenakiliwa au limekumbukwa. Tazameni wino na mwandiko: maingizo manane ya miaka tofauti kwa kalamu moja yaliandikwa kwa kikao kimoja. Orodha ya marehemu wa kuombewa ni muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo mara nyingi inayowataja watoto waliokufa wachanga, ambao hakuna anayewataja mezani. Pigeni picha kila ukurasa na kila karatasi pale ilipochomekwa kabla ya kuitoa. Mpangilio nao ni taarifa. Msitie karatasi za zamani kwenye plastiki ya moto, maana haitoki tena, wala msizibandike kwa utepe wa gundi. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kamwe kalamu ya wino. Picha ndogo ziskaniwe kwa dpi 600, mbele na nyuma.

Jina lake litawasumbua. Andikeni yote: alilopewa, alilobatizwa au kuitwa na mwalimu wa dini, la hati, la nyumbani, na tahajia zote mlizokuta. Waturuki hawakuwa na majina ya ukoo ya lazima hadi sheria ya 1934. Waethiopia hufuatisha jina la baba, nalo si la ukoo. Wahispania wana majina mawili ya ukoo, na fomu za ugenini mara nyingine zilikata la mwisho, yaani la mama. Na tafadhali, Mhariri, futeni kila mkutanapo na simulizi kwamba ofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, alimbadilishia jina. Kituo kile, kilichofanya kazi 1892 hadi 1954, kilikagua abiria kwa orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea. Majina mengi yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, au kwa mhamiaji mwenyewe kupenda. Orodha hizo za Marekani kuanzia 1907 zina safu ya jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani, na hapo ndipo wengi walipogundua kijiji cha kweli.

Kuhusu mahali, andikeni jina la wakati ule na la sasa, na dola iliyotawala. Aliyezaliwa Lviv mwaka 1917 alizaliwa Lemberg ya Austria-Hungaria, akasoma Lwów ya Poland, akaolewa chini ya Wasovieti au Wajerumani, bila kuhama mtaa. Kama alipitia kambi za wakimbizi wa Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kumbukumbu kubwa iko Bad Arolsen, Ujerumani, na familia huomba bila malipo.

Neno "alihamia" linaficha safari tatu: kuondoka, kungoja na kufika. Mara nyingi mume alitangulia, na mke akabaki na watoto miaka 3 au 5 kwa wakwe. Miaka hiyo haimo katika wasifu wowote, ingawa ndiyo aliyoendesha nyumba peke yake. Choreni jedwali la safu tano: mwaka, umri wake, mahali, aliokuwa nao, na chanzo cha taarifa. Mapengo yataonekana yenyewe, na maswali ya mahojiano yatoke kwenye mapengo hayo.

Mahojiano yafanywe akiwa hai, na hapa ibada ndiyo mlango. "Ulijisikiaje kuacha kwenu?" huleta jibu la "tulimshukuru Mungu", na mazungumzo yamekwisha. Muulizeni sala ya kwanza baada ya kufika aliisali wapi, nani alimwonyesha kibla au njia ya kanisani, na alikwenda kwa miguu au kwa chombo gani. Mfungo wa kwanza ugenini alijuaje saa ya kufuturu? Msiba wa kwanza pale nani aliosha, nani alisoma, sanda ilitoka wapi? Nani alimfundisha dua anayoisoma kabla ya kulala, naye amemfundisha nani? Alipoumwa aliweka nadhiri gani, na aliitimizaje? Maswali haya yana majina, njia na tarehe ndani yake. Mkitaka kujua imani ilimgharimu nini, ulizeni kama kazini alipewa nafasi ya kusali au siku ya sikukuu, na alifanya nini aliponyimwa.

Wazee hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao. Anzeni hapo, msianze na mwaka jana. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu anaweza kurudi kwenye lugha ya utotoni, na sala alizozihifadhi mdogo hudumu wakati mengine yameshapotea. Kwa hiyo awepo mtu anayeielewa lugha ile, hata kama wajukuu hawaijui. Akitaja majina katikati ya sala, msimkatize; akimaliza ndipo muulize ni akina nani. Mwana wa kwanza asikae chumbani akimsahihisha. Hilo huharibu mahojiano mengi kuliko uziwi. Kikao kisizidi dakika 60 hadi 90, na kipangwe baada ya sala ili asitazame saa.

Kurekodi kwa simu kunatosha kama mtajali mambo machache. Izimwe mawasiliano yote, iwekwe juu ya kitambaa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, feni na friji vikiwa kimya. Rekodini kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz na biti 24. Saa moja ya chaneli moja huchukua kama MB 520, kwa hiyo hakikisheni nafasi ipo. Mwanzoni mtaje kwa sauti tarehe, mahali na waliopo. Msitume kwa WhatsApp mkadhani mmehifadhi: ujumbe wa sauti hubanwa na ubora hupotea. Wekeni nakala 3, katika vyombo 2 vya aina tofauti, moja ikiwa nyumba nyingine. Kuandika saa 1 ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6, zaidi kama anachanganya lugha. Mchanganyiko huo uachwe ulivyo; mkimsafisha asikike kama mtangazaji wa redio, mmempoteza.

Idadi ya uzao nayo huongopa. Kila mtoto wake ahesabu tawi lake kwa majina: wajukuu, vitukuu, vilembwe. Kisha mjumlishe, mkitenga wa kambo na wa kulea kwa maelezo, bila kuwafuta. Andikeni aliozaa na walio hai kama namba mbili. Kuhusu mimba zilizoharibika na vichanga waliokufa, yeye ndiye mwenye ruhusa. Akinyamaza, nanyi nyamazeni.

Tunaombwa pia "siri ya maisha marefu". Zipo tafiti, hasa za Marekani, zilizoona kwamba wanaohudhuria ibada mara kwa mara hufa kwa kiwango kidogo katika kipindi kilekile. Lakini mgonjwa hahudhurii, na mwenye ndugu wa kumpeleka tayari ana msaada. Kutenganisha hayo ni kazi ngumu. Wahamiaji nao huwa wenye afya tangu kuondoka, kwa kuwa wagonjwa hubaki. Mwacheni aseme mwenyewe kwamba ni Mungu, na mumnukuu. Kichwa cha habari kisiseme kwamba sala humwongezea mtu miaka 20.

Kabla ya kuchapa, chujeni. Siku kamili ya kuzaliwa, jina la mama yake na mtaa wa mtu aliye hai ni funguo za akaunti yake kwa matapeli. Baada ya kifo, anwani ya nyumba na saa ya mazishi kwa pamoja humwambia mwizi nyumba iko wazi lini. Na tofauti ya umri au jina kati ya hati zake isianikwe akiwa hai, wala baadaye kama mjane au watoto wanategemea hati hizo. Inaweza kugusa pensheni au uraia. Ibaki kwenye faili la familia, na chanzo chake.

Kwenu tunaomba mambo manne. Fomu yenu ya taazia iwe na mstari wa jina lake la kuzaliwa na majina ya wazazi wake wote wawili. Iwe na kisanduku cha kuonyesha tarehe ya kuzaliwa imetoka wapi, na asiye na hati aandike "hivi". Mhariri wa ukurasa akikutana na "mcha Mungu", airudishe kwa familia na swali moja: alifanya nini, wapi, kwa miaka mingapi? Na masahihisho yachapwe ukurasa uleule wa taazia, kwa jina la marehemu, hata mwezi ukiwa umepita. Familia hukata ukurasa huo na kuutunza, na kitukuu atakayeutumia kama ushahidi hatakuwa na toleo la siku iliyofuata.

Wasomaji wenu